Maji Yapewe Njia, Majengo Yabaki

Mtu akitaja majengo ya kale na mafuriko kwa pamoja, wengi hudhani anataja mambo mawili yasiyoweza kulala nyumba moja. Ama tuhifadhi kuta za zamani na kuvumilia maji, ama tubomoe, tupanue mitaro na kuokoa maisha. Likiulizwa hivyo, swali huwa limekwisha kujibiwa, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu atakayepima ukuta wa mawe dhidi ya uhai wa mtoto. Ila swali lenyewe limeulizwa vibaya. Katika miji iliyojengwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, kuanzia Kerugoya hadi Nyeri na Murang'a, ni nadra jengo la kale na uwanja wake kuwa katika njia ya mafuriko. Mara nyingi ni miongoni mwa sehemu chache za mji ambazo bado zinayapunguza. Kinachobomoa jengo hilo polepole na kinachojaza maji mtaa ulio chini yake ni kitu kimoja: maji ya mvua yaliyokosa njia. Anayeyapa maji hayo njia huokoa vyote viwili kwa pesa zilezile. Yapo mambo yanayotoka nje ya kanuni hiyo, nami nitayataja bila kuyapunguzia uzito, lakini ni machache kuliko tunavyoambiwa.

Kwanza tutazame nchi yenyewe. Kerugoya iko kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Juu yake kuna mashamba ya chai, kisha msitu wa mlima, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Chini yake kuna Kutus, na mbele zaidi tambarare za mpunga za Mwea. Mito inayoshuka kutoka mlimani, kama Thiba na Nyamindi, imeikata ardhi hii ikawa migongo mirefu iliyotenganishwa na mabonde membamba yenye kina. Wenyeji walijenga migongoni tangu zamani na kuyaachia mabonde maji, migomba na viazi. Wamisionari na maofisa wa kikoloni waliofika mwanzoni mwa karne ya 20 walifuata mkondo huohuo. Kituo cha Waanglikana cha Kabare, kilichoanzishwa mwaka 1910 si mbali na Kerugoya, na vituo vya Wakatoliki wa shirika la Consolata, waliofika Kenya mwaka 1902, vilihitaji ardhi iliyoinuka, yenye upepo na isiyo na kinamasi. Ndiyo maana makanisa, shule, mahakama na nyumba za utawala za wakati huo ziko mahali ambapo mto haufiki. Mto Chania unaweza kufurika hadi utakapochoka bila kugusa sehemu kubwa ya majengo ya kale ya mji wa Nyeri.

Kwa hiyo maji yanayosumbua miji hii hayapandi kutoka mtoni, bali yanashuka kutoka juu ya mji wenyewe, na hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya alasiri moja ya Aprili ikifika milimita 50, paa la mita 200 za mraba humwaga lita 10,000. Ekari moja iliyofunikwa yote kwa mabati, lami na kabro humwaga zaidi ya lita 200,000, sawa na maboza 20 ya lita 10,000 yaliyofunguliwa kwa pamoja juu ya mteremko. Ekari hiyohiyo ikiwa na nyumba ndogo katikati, nyasi, miti na udongo ulio wazi, sehemu kubwa ya maji hayo huzama papo hapo, kwa sababu udongo mwekundu wa kivolkano wa eneo hili una kina kirefu na hunyonya maji vizuri ukiachwa upumue. Mji unapokua, hesabu hii hubadilika ploti kwa ploti bila yeyote kuijumlisha. Kila mwenye ploti anafanya jambo la busara kwa upande wake: anaezeka, anasakafia, anaelekeza maji barabarani. Jumla ya busara hizo ni mto mpya usiokuwa kwenye ramani, unaopita sokoni na kwenye kituo cha matatu, kisha unateremka kwa majirani wa chini.

Hapa ndipo majengo ya kale yanapoingia katika hesabu kwa namna ambayo wahandisi wa mitaro wamezoea kuipita. Walioyajenga hawakuwa na pampu wala mabomba makubwa ya zege. Walitegemea umbo la jengo lenyewe. Sakafu iliinuliwa juu ya msingi wa mawe. Paa lilitokeza mbali nje ya kuta ili maji yasiurukie ukuta. Baraza ilizunguka nyumba, na nje ya baraza palikuwa na mfereji mfupi wa mawe uliopeleka maji kwenye nyasi. Kisha uliachwa uwanja mpana. Jengo la mahakama ya Waafrika la Ruring'u, Nyeri, lililojengwa katikati ya miaka ya 1920 na ambalo leo ni jumba la makumbusho, ni mfano wa kizazi hicho. Ukibomoa nyumba ya aina hiyo Kerugoya au Nyeri, ukajenga ghorofa linalogusa mipaka yote ya ploti na kusakafia kilichobaki, umefanya zaidi ya kupoteza historia. Umeongeza maboza kadhaa ya maji katika mtaro uleule uliokuwa ukilalamikiwa kuwa mdogo. Mtu aliyebomoa kwa jina la kuzuia mafuriko atakuwa ameyaongeza.

Sisemi kwamba majengo hayo yako salama. Yameanza kuumia, na chanzo cha maumivu yao kinaeleweka. Barabara inapokarabatiwa mara kwa mara kwa kumwaga tabaka jipya juu ya lile la zamani, usawa wake hupanda hadi ukaribie sakafu iliyokuwa imeinuliwa kwa makusudi. Baada ya hapo maji ya barabarani hugeuka na kuingia mlangoni. Mfereji wa mawe hufukiwa ili pawe na maegesho ya magari. Mabirika ya paa huoza au huziba majani, maji yakamwagika ukutani badala ya kushuka chini. Halafu mafundi, wakiona unyevu, hupiga lipu ya simenti juu ya ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa, na unyevu uliokuwa ukitoka taratibu hufungiwa ndani hadi mawe yaanze kumomonyoka. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu James huko Murang'a kuna picha kubwa za ukutani alizochora Elimo Njau mwishoni mwa miaka ya 1950, zinazomweka Kristo katikati ya mandhari na watu wa Ugikuyu. Kwa kazi ya aina hiyo hatari haihitaji kuwa mto uliovunja kingo. Birika moja lililoziba kwa misimu michache linatosha.

Pwani imetupa ushahidi wa jambo hili, na umelipwa kwa gharama kubwa. Beit el-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, haikuangushwa na gharika. Ilizeeka chini ya mvua na ukosefu wa matunzo ya kudumu, sehemu ikaporomoka mwaka 2012, na Desemba 25, 2020, wakati ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka na kuua watu wawili. Jengo hilo lilikuwa na jina, lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2000, na bado heshima hiyo haikulikinga na maji. Kilwa Kisiwani inaonyesha upande wa pili. Magofu yake yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, bahari ikiwa inakula ukingo hadi karibu na ngome ya Gereza. Hatua zilizochukuliwa zilijumuisha kuta za kukinga mawimbi, upandaji wa mikoko na ukarabati wa kuta zenyewe, na mwaka 2014 Kilwa iliondolewa kwenye orodha hiyo. Mombasa nayo ilijenga ukuta wa bahari chini ya Ngome ya Yesu baada ya mawimbi kuanza kula msingi wake. Mikoko ya Kilwa inalinda ngome, na wakati huohuo inalinda ufuo wa wavuvi. Hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya viwili hivyo, kwa sababu kazi ya kuzuia maji na kazi ya kuhifadhi zilipangwa pamoja.

Sasa tuje kwenye mambo magumu, na Kaunti ya Kirinyaga, iliko Kerugoya, inalo moja ambalo haliwezi kukwepwa. Urithi mkubwa wa wananchi wa kawaida wa kaunti hii hauko migongoni. Uko mabondeni, nao ni viwanda vya kahawa vya ushirika. Kwa miaka mingi utawala wa kikoloni ulimzuia Mwafrika kulima kahawa; majaribio machache yaliruhusiwa miaka ya 1930, yakiwemo ya Embu, wilaya ambayo Kirinyaga ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1963. Baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 zao hilo lilienea, na wakulima wakajenga viwanda vya kumenya na kuosha kahawa. Kiwanda cha aina hii hakiwezi kufanya kazi bila maji mengi, hivyo kilijengwa karibu na kijito, chini ya mteremko. Mashine ya kumenya, matangi ya kuchachusha, mifereji ya kuoshea na vitanda vya kuanikia vinasimulia jinsi jamii iliyotoka katika Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilivyojipatia ada za shule na nyumba za mabati. Hata hivyo, sheria na kanuni zetu za maji na mazingira hutaka ukingo wa kati ya mita 6 na 30 kutoka mtoni uachwe wazi, na maji machafu ya kahawa yakichukuliwa na mafuriko huharibu mto wa watu wote walio chini.

Hapo hifadhi haina budi kukubali kusogea. Matangi na mashimo ya maji machafu yaliyo ukingoni yahamishwe juu, hata kama yamekuwepo tangu wakati wa babu zetu, kwa sababu thamani ya kiwanda haimo ndani ya shimo la taka. Nyumba ya mashine, banda la kupokelea kahawa na vitanda, ambavyo mara nyingi viko juu kidogo, vinaweza kubaki na kuendelea kufanya kazi. Kile kisichoweza kubaki kipimwe, kichorwe na kupigwa picha kabla ya kuondolewa, na nakala zihifadhiwe katika kaunti na kwa chama cha ushirika. Huu si ushindi kamili wa upande wowote, lakini ni bora kuliko hali ya sasa ambapo ukingo hauheshimiwi na historia haiandikwi.

Funzo kali zaidi limetoka nje ya eneo hili. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, baada ya njia ya chini yake kuzibwa na takataka na miti, yalilipasua na kufagia makazi. Zaidi ya watu 50 walikufa, katika msimu ambao mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini kote. Tuta, daraja jembamba au kalavati ya zamani inayozuia maji haina haki ya kuachwa ilivyo kwa sababu tu ina umri mkubwa. Kitu cha kale kinachogeuza mvua kuwa bwawa ni lazima kibadilishwe, kipanuliwe au kiondolewe, na anayependa historia awe wa kwanza kusema hivyo. Lakini tuangalie vizuri Mai Mahiu inafundisha nini. Uzee wa tuta haukuua mtu. Kilichoua ni njia ya maji iliyoachwa izibe bila ukaguzi. Kalavati mpya isiyosafishwa itafanya vilevile.

Kwa nini basi kazi hizi mbili, ya mitaro na ya hifadhi, hazipangwi pamoja katika miji ya Mlima Kenya? Sababu kubwa iko katika mgawanyo wa majukumu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti kazi ya mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, pamoja na upangaji wa ardhi. Jedwali hilohilo linaiachia serikali ya kitaifa kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa, ambazo husimamiwa na Makavazi ya Kitaifa chini ya sheria ya mwaka 2006. Hivyo mhandisi wa mitaro yuko ofisi moja na mhifadhi yuko nyingine, tena mara nyingi yuko Nairobi. Jengo lililotangazwa rasmi lina mtetezi, kama ilivyo kwa kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, mjini Nyeri. Jengo la kale ambalo halikutangazwa, na hayo ndiyo mengi Kerugoya, halina wa kulisemea. Mpango wa serikali na Benki ya Dunia wa kuimarisha miji ya kaunti, ujulikanao kama KUSP, umeleta pesa za barabara, mitaro na maegesho. Pesa hizo ni neema, lakini mtaro ukichorwa bila kujua mfereji wa mawe wa zamani ulipita wapi, na barabara ikiinuliwa bila kupima sakafu za majirani, mradi wa kuzuia mafuriko unakuwa chanzo chake.

Kuna wanaopinga, na hoja zao hazipaswi kupuuzwa. Wa kwanza watasema majengo haya ni ya mkoloni, na hatuna deni la kuyalinda. Lakini jengo linaweza kuwa ushahidi dhidi ya aliyelijenga. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alihukumiwa Nyeri Novemba 1956 na kunyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Mifereji ya Mwea ilianza kuchimbwa na wafungwa wa Hali ya Hatari. Tukifuta mahakama, vituo na mifereji ya wakati huo, tunawarahisishia kazi wale wanaopenda kusema mambo hayakuwa mabaya sana. Isitoshe, urithi ninaoutetea haukomei kwenye mawe ya wageni. Viwanda vya kahawa ni vyetu, na misitu mitakatifu kama ya kilima cha Karima huko Othaya ni ya zamani kuliko serikali yoyote. Misitu hiyo hushika udongo wa mteremko vizuri kuliko ukuta wa zege, na ilihifadhiwa kwa sababu wazee waliiheshimu.

Wa pili watasema hali ya hewa imebadilika, na ujuzi wa miaka ya 1920 hautoshi kwa mvua za leo. Ni kweli mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa. Lakini wanasayansi wa World Weather Attribution walipochunguza mvua za Machi hadi Mei 2024 katika Afrika Mashariki, walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliziongeza nguvu kwa takriban asilimia 5, na wakasisitiza kuwa ukuaji wa haraka wa miji ulichangia sana katika maafa. Asilimia hizo 5 haziko mikononi mwa kaunti. Kiwango cha ardhi inayofunikwa kwa saruji kiko mikononi mwake. Kadiri mvua inavyozidi, ndivyo kila uwanja wa nyasi uliobaki mjini unavyozidi kuwa na thamani, kwa hiyo hoja hii ikifuatwa hadi mwisho wake inaunga mkono hifadhi.

Wa tatu ni mwenye ploti, na hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Ardhi ya katikati ya mji ni mali, watoto wanasubiri urithi, na nyumba ya ghorofa moja haileti kodi ya ghorofa tano. Kumwambia aitunze kwa faida ya umma bila kumpa chochote ni kumtoza kodi ya siri. Haki ni kumpunguzia ada ya ardhi kwa kiasi cha eneo analoliacha likinyonya maji, kumruhusu ajenge juu zaidi nyuma ya ploti akiacha jengo la mbele na uwanja wake, na kuharakisha idhini ya matumizi mapya kama hoteli, ofisi au maktaba. Kaunti isione hiyo kuwa zawadi. Kama ekari moja iliyo wazi inazuia sehemu ya lita 200,000 zisiingie mtaroni kila mvua kubwa, mwenye ekari hiyo anaifanyia kaunti kazi, na anayefanya kazi hulipwa.

Jambo linalohitajika kwanza halina gharama kubwa. Kabla ya msimu ujao wa bajeti, manispaa ya Kerugoya na Kutus, na zile za Nyeri na Murang'a, zinaweza kuandaa orodha ya majengo ya kale ambayo hayakutangazwa, na kwa kila moja kuandika vipimo vitatu: usawa wa sakafu yake ukilinganishwa na barabara, eneo la ardhi yake linalonyonya maji, na mahali maji yake yanapokwenda. Mtaalamu wa upimaji na msaidizi wake wanaweza kumaliza mji mdogo kwa wiki chache. Orodha hiyo itaonyesha upesi ni jengo lipi limezuia maji na linapaswa kubadilishwa, na ni lipi linayapunguza na linapaswa kulindwa. Itaonyesha pia mahali ambapo barabara ishushwe badala ya nyumba kubomolewa. Kisha iwe sharti kwamba hakuna mchoro wa mtaro utakaopitishwa, wala kibali cha kubomoa kutolewa, bila mwombaji kuonyesha kama maji yatakayotoka kwenye ploti yatapungua au yataongezeka. Wengi wa wanaotaka kubomoa ili kupisha maji watagundua kwamba hesabu haiko upande wao, na wale wachache ambao iko upande wao watakuwa wamepata ruhusa kwa haki.